Maksai thelathini na wanane: kisa cha kitalu kimoja cha Handeni

Wiki ya mwisho ya Novemba 2021 fuso tuliyokodi iliingia mnada wa mifugo wa Pugu, Dar es Salaam, saa mbili usiku ikiwa na maksai 14 wa baba mkubwa. Mwezi ule Dar es Salaam yenyewe ilikuwa kwenye mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umeshuka. Vuli haikuwa imenyesha, na huko kaskazini, Simanjiro na Longido, ng'ombe walikuwa wanakufa njaa. Kila mwenye uwezo wa kukodi gari alikuwa anakimbiza mifugo sokoni kabla haijamfia mikononi.

Asubuhi mbavu za wetu zilikuwa zinahesabika ukiwa umesimama mbali. Wanunuzi wanaopeleka machinjio ya Vingunguti walipita, wakashika nundu, wakabonyeza kiuno, wakaenda zao bila kuuliza bei. Saa nane mchana dalali akaja na neno: wastani wa shilingi 780,000 kwa kichwa. Baba mkubwa alikuwa ametoka nyumbani na milioni moja kichwani. Lakini wachungaji wawili walikuwa wanakula kwa fedha yetu, nyasi za pale zinauzwa kwa mzigo, maji kwa ndoo, na Januari ilikuwa inakuja na ada za wajukuu. Tukauza.

Kuanzia Kibaha mpaka Chalinze alizungumza jambo moja tu. "Madalali wanatula, mwanangu. Wanatula tukiwa hai." Mimi ndiye natunza daftari la mifugo yake, na siku ile nilikubaliana naye neno kwa neno. Baadaye daftari lenyewe likanitoa kwenye msimamo huo. Majina na mahali kamili nimeyaacha kwa heshima ya familia.

Kwanza mjue eneo. Ni kitalu cha hekta 640 cha kukodi, upande wa Handeni, katika zile ranchi za taifa zilizogawanywa vitalu na kukodishwa kwa wananchi. Baba mkubwa ni mstaafu wa serikali. Alianza na zebu wa kawaida, akanunua madume ya Boran, aina ya ng'ombe wa nyama, na sasa kundi ni mchanganyiko. Mvua zetu ni mbili, vuli na masika, lakini masika ndiyo yenye nyasi. Ikipita Mei, tunachokiona ardhini ndicho tutakachokula mpaka vuli, na vuli siku hizi haina miadi na mtu.

Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Afrika nzima Ethiopia ndiyo inayotupita. Hata hivyo ng'ombe wengi bado wanauzwa kwa macho, bila kupimwa. Mnunuzi anaangalia, muuzaji anaangalia, na kati yao mwenye macho ya kazi ni yule anayechinja kila siku.

Mei 2022 nilimwomba baba mkubwa tuhesabu. Akacheka. "Si unajua wako 271?" Idadi tulikuwa nayo. Nilichotaka kujua ni hao 271 ni akina nani. Tukakarabati kile kichochoro cha mbao karibu na josho, tukawapitisha mmoja mmoja, siku mbili nzima. Mimi na daftari, mtaalamu wa mifugo na glovu ndefu mpaka begani, na mchungaji wetu mkuu, kijana wa Kimaasai ambaye hajui kusoma ila kila ng'ombe wa zizi lile ana historia yake kichwani mwake.

Majike waliokwisha kuzaa walikuwa 96. Mitamba 48. Ndama wa mwaka ule 47. Madume ya mbegu 9. Maksai 71, na kati yao 38 walikuwa na meno kamili, maana yake wamepita miaka minne. Wawili watatu kati yao walikuwa na miaka sita.

Sasa soma hesabu hiyo taratibu. Majike 96, ndama 47. Nusu ya majike ilikuwa inakula bure. Na madume 9 kwa majike 96 ni anasa, kwa sababu dume mmoja mzima anatosha majike 20 hadi 25. Watano wa ziada walikuwa wanapigana, wanavunja boma na kumaliza majani.

Kilichonishangaza zaidi ni mchungaji. Kila jike akiingia kichochoroni, kabla mtaalamu hajaingiza mkono, kijana anasema. "Mzee, huyu tangu mvua ya mwaka juzi hajashika mimba. Huyu alizaa, ndama akafa na ndigana, ugonjwa wa kupe. Huyu anapandwa kila mwezi, hashiki." Aliwataja 21 kwamba hawajazaa kwa misimu miwili. Mtaalamu alipowapima akakuta wanne wana mimba changa, 17 watupu. Taarifa ilikuwa zizini miaka yote, na hakuna aliyemuuliza kwa sababu sisi tuliosoma tulidhani kazi yake ni kuchunga tu.

Jioni tukakaa chini ya mkwaju na kalkuleta. Ng'ombe hula majani makavu kama asilimia mbili na nusu ya uzito wake kwa siku. Weka maksai 38, majike matupu 17 na madume 5 ya ziada, jumla 60, na kila mmoja umpe kilo saba na nusu. Ni kilo 450 kwa siku. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Oktoba ni siku 150 hivi, yaani zaidi ya tani 67 za majani. Robota la nyasi la kwetu lina kilo 15, kwa hiyo ni marobota 4,500. Baba mkubwa alinyamaza, kisha akauliza swali lililobadilisha kila kitu: "Kwa hiyo mwaka jana wale sitini walikula majani ya akina mama?"

Ndivyo ilivyokuwa. Jike anayenyonyesha akikosa majani Septemba anakonda, akikonda hashiki mimba, na mwakani anaingia kwenye orodha ya watupu. Kiangazi kizima maksai wa miaka sita anamnyang'anya ndama mama yake, na mwisho wake maksai huyo huyo anafika Pugu mbavu nje.

Mambo ya soko yalianzia hapo, chini ya mkwaju, kabla hatujamwona mnunuzi yeyote. Tuliamua kuuza wote 60 Juni, wakiwa na mafuta ya masika.

Nilinunua utepe wa kupimia kifua cha ng'ombe, ule wenye sentimita upande mmoja na kilo upande wa pili. Unauzungusha nyuma ya bega, nyuma kidogo ya nundu, mnyama amesimama miguu sawa, unabana bila kunyonga, unasoma. Baba mdogo alitukuta tukifanya hivyo akatikisa kichwa: "Ng'ombe hapimwi kama shati." Wa kwanza alisoma sentimita 161. Watano tuliwapeleka kwa jirani mwenye mizani ili kuukagua utepe; ulizidisha kidogo kwa wanono na kupunguza kwa warefu, lakini tofauti haikuzidi kilo 20. Kwa kazi yetu ilitosha. Wastani wa maksai 38 ukawa kilo 318.

Mnunuzi alikuja mwenyewe mpaka kitaluni, mfanyabiashara anayekusanya ng'ombe wa kupeleka mjini. Akazunguka zizi, akasema 900,000 kwa kichwa, wote. Mwaka uliotangulia tungeshukuru Mungu. Safari hii baba mkubwa akamkabidhi karatasi yenye namba ya kila maksai na kilo zake. Yule bwana aliisoma kimya, akatoa simu, akapiga hesabu, na kuanzia pale mazungumzo yakawa ya bei ya kilo. Tuliishia 3,400. Kwa maksai wa wastani ni shilingi 1,081,200, akiwa bado amesimama kwetu, hajapanda gari.

Nilirudi kwenye ukurasa wa Novemba 2021. Wale 14 hatukuwapima, lakini kwa mifupa ile na kwa kulinganisha na wenzao waliobaki, nawakadiria kilo 265. Bei ya 780,000 ukiigawa inakuwa kama 2,940 kwa kilo. Tofauti ya mauzo mawili ni 301,200 kwa kichwa. Kati ya hiyo, kama 156,000 ni kilo 53 zilizoyeyuka kiangazi, na 145,000 ni bei ya kilo yenyewe, kwa sababu mchinjaji halipi bei moja kwa nyama ya mnyama aliyekonda na aliyenona. Dalali, yule anayetula tukiwa hai, alichukua 5,000 kwa kichwa. Fuso peke yake ilikula 45,000 kwa kichwa, na ushuru, kibali cha kusafirisha na posho vikamaliza 12,000.

Nisidanganye hapa. 2021 ulikuwa mwaka wa ukame, soko lilijaa ng'ombe wa watu waliokata tamaa, na sehemu ya hizo 145,000 ni ukame huo wala si kalenda. Pia dalali anaweza kupata zaidi ya hizo 5,000 upande wa mnunuzi bila wewe kujua. Bado hata ukimpa yeye lawama za 50,000, pengo kubwa liko kwetu, katika ile miezi mitano tuliyokaa na mnyama aliyekwisha kukomaa.

Yule mnunuzi alichukua 24. Hapo ndipo tulipokosea. Alilipa nusu, akasema nusu nyingine ataituma gari likifika. Baba mkubwa ni mtu wa zamani, neno kwake ni hati. Nusu ya pili ilikuja baada ya wiki tano, kwa vipande, baada ya simu ambazo sitaki kuzihesabu. Tangu hapo kitaluni kwetu mnyama hapandi gari mpaka ujumbe wa benki uingie kwenye simu ya mzee, na anausoma mwenyewe kwa miwani.

Wale 14 waliobaki tuliwapeleka Pugu, makusudi, ili tulinganishe. Safari hii tulifika siku moja kabla, tukawapumzisha na kuwanywesha, na tulikuwa na fedha ya kukaa siku tatu. Ng'ombe akisafiri saa sita kwenye fuso bila maji anapoteza kilo nyingi, sehemu yake ni kinyesi na mkojo tu, lakini mnunuzi anachokiona ni tumbo lililoingia ndani. Wetu walitoka kwa wastani wa 1,120,000. Ukitoa gharama za 65,000 inabaki 1,055,000, pungufu kidogo ya bei ya mlangoni. Kwa hiyo Pugu si mahali pabaya wala mlangoni si peponi. Pugu inatufaa tukiwa na wanyama wazuri na uwezo wa kukataa bei ya siku ya kwanza. Siku ambayo huwezi kurudi nyumbani na ng'ombe wako, bei inapangwa na mwingine.

Majike 17 matupu yaliuzwa mnada wa karibu kwa wastani wa 690,000, na madume 5 kwa 1,250,000. Jumla ya wote 60 ilikaribia milioni 59. Baba mdogo hakuongea nasi wiki mbili. Kwake tulikuwa tumefilisika: kundi limetoka 271 hadi 211 kwa hiari, bila ugonjwa, bila wizi. Sipendi wasomi wanaomcheka mzee kama huyu. Wazee wetu waliweka ng'ombe wengi kwa sababu ugonjwa wa mapafu au ukame ukipita, mwenye 300 anabaki na 100 na mwenye 50 anabaki na simulizi. Hofu yake ina mantiki. Ila bima ya namna hiyo inafaa kwa majike yanayozaa. Kwa maksai mzee haina maana, maana huyo ndiye anayemfanya mama akonde kabla ukame haujafika.

Sasa kosa la pili, na hili ni langu. Tulikuwa tumebaki na maksai wadogo 33, na Agosti nikasikia habari za unenepeshaji kama unavyofanyika Kanda ya Ziwa kwa mashudu ya pamba. Nikamshawishi baba mkubwa tufungie 12. Hawa wadogo sikutaka kuwagusa, kwa hiyo tukanunua 12 wakubwa kwa majirani, kilo 290 kwa wastani, 3,300 kwa kilo. Tukawapa mashudu ya alizeti, pumba za mahindi na molasi, kilo sita kwa siku, siku 75.

Walipendeza. Ngozi iling'aa, wageni walipiga picha. Walifika kilo 335 na tukauza kwa 3,600. Kila mmoja alinunuliwa 957,000 akauzwa 1,206,000, ongezeko la 249,000. Chakula cha kila mmoja kiligharimu 270,000. Tulilipa 252,000 kwa jumla ili kupata heshima ya kuitwa wanenepeshaji, na sijahesabu mshahara wa kijana aliyewalisha.

Kwa nini? Kwanza nilinunua mashudu na pumba Septemba, kila mtu anapozitafuta, wakati Juni na Julai baada ya mavuno ya alizeti na mahindi ziko chini. Pili, maksai wa miaka mitano amemaliza kukua. Chakula anachokula kinakwenda kwenye mafuta, na kilo ya mafuta inadai chakula kingi kuliko kilo ya nyama ya mnyama wa miaka miwili na nusu anayerefuka bado. Tatu, sikuwapa dawa ya minyoo wiki ya kwanza, nilikumbuka ya tatu. Mashudu yale yalilisha minyoo kwanza, ng'ombe baadaye. Unenepeshaji unalipa watu wenye kiwanda cha mafuta ya kula jirani na mnyama kijana mkononi. Mimi nilikuwa na picha tu.

Kilichotuletea faida ya kudumu hakina picha nzuri. Tulitenganisha madume. Wanne waliobaki wanakaa boma lao, na wanaachiwa majike kuanzia katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, basi. Mimba ya ng'ombe ni kama siku 283, kwa hiyo ndama wanaanza kuja mwishoni mwa Februari na kumalizika Mei mwanzoni, majani mapya yanapochipua. Jike anapandwa akiwa amenona na masika, na anazaa wakati maziwa yanapatikana. Tena ndama wakizaliwa pamoja wanachanjwa pamoja, wanahasiwa pamoja, na wakifika miaka mitatu unampigia mnunuzi simu kumwambia una 25 wa umri mmoja. Mnunuzi wa gari zima anazungumza lugha nyingine kabisa na yule wa mmoja mmoja.

Kuna bei ya kulipa. Masika ndiyo yenye kupe, na kupe ndiye mwenye ndigana kali. Mwaka 2023 tulipoteza ndama 6 wa kundi la kwanza la Machi kabla hatujashtuka. Sasa wanapata chanjo ya ndigana, ile ya sindano moja inayoambatana na dawa ya antibayotiki, oksitetrasaiklini, na ambayo msingi wake ulitokana na utafiti wa Muguga, Kenya. Na josho halikosi, kila wiki, hata mvua ikinyesha. Chanjo ya ndigana haimzuii kupe kuleta magonjwa mengine.

Hesabu ya Mei 2024: majike 94, ndama 63. Ni theluthi mbili, kutoka nusu. Maksai hakuna aliyevuka meno kamili. Jumla ya kundi ni ndogo kuliko 2022, na mauzo ya mwaka ni makubwa.

Na zile milioni 59? Hili ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ng'ombe akigeuka fedha, ndugu wote wanakumbuka njia ya kwenu. Tulichimbua lambo lililojaa tope, tukatengeneza josho, tukanunua mitamba 10 ya Boran. Sehemu nyingine baba mkubwa aliiweka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ule ambao unaweza kutoa fedha zako ndani ya siku chache. Ada za Januari 2023 zilitoka humo. Ilikuwa Januari ya kwanza, tangu nimjue, ambayo hakupeleka ng'ombe sokoni kwa sababu ya barua ya shule.

Baba mdogo sasa anatunza daftari lake mwenyewe, ingawa hasemi. Nilimkuta mwezi uliopita kichochoroni na mchungaji, utepe umening'inia shingoni kama wa fundi cherehani. Wanabishana juu ya jike mmoja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, mama wa mitamba minne mizuri, ambaye hajashika mimba kwa msimu wa pili. Kijana anasema auzwe. Baba mdogo anasema apewe mwaka mmoja. Mpaka naandika haya bado yuko malishoni, na kwenye ukurasa wake nimeweka alama ya kuuliza.